Mtutu Mpya Hautibu Tandiko Bovu

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa klabu, mafundi na wapiga shabaha wenzangu, habari za asubuhi.

Mmenipa mada mbili: namna ya kulaza risiva, yaani kile chuma cha katikati kinachoshika mtutu, kwenye kitako, na namna ya kubadili mtutu. Nitazisema kwa pamoja, kwa kuwa kwenye bunduki ya shabaha hazitengani. Mtu huona matundu yake kwenye shabaha yameanza kutawanyika, akasema mtutu umekwisha. Anaagiza mwingine kwa fedha nyingi, anausubiri miezi, unafungwa, na matundu yanabaki yametawanyika vilevile. Mtutu haukuwa na kosa. Risiva ndiyo iliyokuwa ikicheza kwenye kitako. Kinyume chake hutokea pia: tandiko, yaani mahali risiva inapolala kwenye kitako, linafanywa upya mara mbili ilhali koo la mtutu, pale mifuo (mistari iliyochongwa ndani yake) inapoanzia, limeungua zamani. Ombi langu la kwanza kwenu ni kupima kabla ya kununua. La pili ni kwamba mtutu ukishabadilishwa, kazi haijaisha mpaka tandiko nalo lipimwe upya.

Bunduki ninayoizungumzia ni ile ya bolti, komeo la kufungwa kwa mkono, inayopiga .308 Winchester, au 7.62 ya NATO, kwa umbali wa yadi 300 hadi 1,000. Ndiyo inayotumika kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley, Uingereza, ambako timu za Kenya nazo zimewahi kushiriki. Saiti ya nyuma iko juu ya risiva, ya mbele iko mdomoni mwa mtutu, na kati yake pana kama milimita 800. Saiti hizo zikipishana robo ya milimita tu, umepotoka dakika moja ya pembe (sehemu moja ya sitini ya nyuzi), na kwenye yadi 1,000 dakika moja ni karibu sentimita 27. Tunashughulika na vipimo vidogo kuliko unene wa kadi ya biashara. Asiye na subira ya vipimo hivyo ampe mwingine kazi.

Wazee waliopiga na Lee-Enfield Namba 4, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, walikuwa na elimu yao. Mtutu wa bunduki ile ni mwembamba, na ubao wa mbele ulitakiwa kuusukuma juu karibu na mdomo kwa nguvu ya ratili 2 hadi 7, yaani kama kilo 1 hadi 3. Fundi aliipima nguvu hiyo kwa mizani ya springi, akapunguza au kuongeza mbao. Ilifanya kazi, lakini mbao ni kitu hai. Kitako kilichokauka katika hewa ya Nairobi kikipelekwa Mombasa kinavuta unyevu na kuvimba, na ile kilo moja na nusu inageuka kitu kingine kabisa. Ilipoingia 7.62, na pamoja nayo bunduki za risasi moja zenye mitutu minene, kama Omark 44 ya Australia, Musgrave ya Afrika Kusini na Swing ya George Swenson huko Uingereza, njia ikabadilika: mtutu uachwe ukining'inia bila kuguswa na kitu, na kazi yote ya kushika ifanywe na tandiko la risiva. Hadi leo ndiyo njia inayoshinda.

Sasa tandiko lenyewe linafanya nini? Linafanya mambo mawili. Kwanza, risiva ikae bila kupindwa. Ukikaza skrubu juu ya mbao isiyo sawa, risiva hujikunja kama ubao wa daraja, kidogo sana, usione kwa jicho. Bolti haiendi sawa na mtutu unaelekezwa pengine kila unapokaza. Pili, risiva irudi palepale baada ya kila teke. Kazi hiyo ya pili inabebwa na kigingi cha teke, kile kipande cha chuma kinachoshuka chini ya risiva kwa mbele. Uso wake wa nyuma ndio unaosukuma kitako bunduki inaporudi. Uso huo ukishika vizuri, mengine husameheka. Ukiwa umeshika upande mmoja tu, risiva inazunguka kidogo kila risasi na matundu yanatawanyika.

Kipimo ni rahisi. Hakikisha bunduki ni tupu: toa bolti, tazama chemba (chumba cha risasi) kwa jicho, kisha ingiza kidole. Isimamishe kwenye jiriwa lenye pedi laini, au kwenye stendi ya kusafishia. Funga geji ya saa, kipimo chenye uso wa saa na sindano, kwenye ncha ya ubao wa mbele, mguu wake uguse mtutu. Skrubu zote zikiwa zimekazwa, weka geji kwenye sifuri. Legeza skrubu ya mbele pole pole huku ukitazama sindano. Ikaze tena, kisha legeza ya nyuma. Sindano ikitembea milimita 0.05 au chini ya hapo, tandiko ni zima, liache. Ikifika 0.1 na kuendelea, risiva inapindwa, na hapo hakuna mtutu utakaokusaidia. Weka kidole chako mahali ubao na risiva vinapokutana: tandiko bovu mara nyingi linahisiwa kwa kidole kabla ya geji kusema.

Kuna jaribio jingine ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni la mshipi. Sisi tunapiga tumelala na mshipi umevuta mkono. Mshipi huo unavuta ubao wa mbele chini na pembeni. Karatasi inayopita vizuri kati ya mtutu na ubao bunduki ikiwa mezani inaweza kukwama mshipi ukikazwa. Lala kama unavyolala uwanjani, bunduki ikiwa tupu, kaza mshipi, na mwenzako apitishe ukanda wa karatasi kutoka mdomoni hadi karibu na risiva. Nafasi ya milimita 1.5 hadi 2 kuzunguka mtutu wote inatosha. Chini ya hapo ongeza kwa msasa uliozungushwa kwenye kijiti cha duara, kisha paka vanishi mbao uliyoichuna ili isinywe unyevu.

Ikiwa tandiko limeonekana bovu, lifanye upya kwa nguzo na epoksi. Nguzo ni mabomba mafupi ya aluminiamu yanayosimama ndani ya kitako kuzunguka kila skrubu, ili skrubu ikazwe juu ya chuma na si juu ya mbao. Skrubu ya inchi robo ina milimita 6.35, bomba liwe na tundu la milimita 7 hadi 8 na unene wa nje wa kama 14. Skrubu isiguse ukuta wa bomba hata kidogo. Ikigusa, inageuka kigingi cha teke cha pili, na vigingi viwili vinagombana.

Chonga kitako kwa patasi na tupa: toa milimita 2 au 3 chini ya risiva na nyuma ya kigingi, lakini acha vijukwaa vidogo vya mbao ya asili mbele na nyuma ili risiva isizame kuliko kimo chake cha mwanzo. Mbao uliyochonga iachwe na makwaruzo. Epoksi inapenda kushika mahali palipokwaruzwa. Isafishe kwa asetoni, maana mafuta ya bunduki yaliyonyweka kwenye mbao kwa miaka ndiyo sababu kubwa ya tandiko kubanduka.

Kigingi cha teke kibandike tepu ya umeme mbele, pembeni na chini, tabaka moja au mbili. Uso wa nyuma usiubandike kitu. Ndivyo utakavyopata kigingi kinachoshika nyuma tu na kuachia pande nyingine, na risiva itaingia na kutoka bila kubomoa kuta. Mtutu uzungushie tepu karibu na ncha ya ubao mpaka ukae katikati ya mfereji na kwa kimo unachotaka. Matundu yote ya triga, pini na magazini yazibwe kwa plastisini, ikwanguliwe iwe sawa na chuma. Epoksi ikiingia kwenye tundu la pembeni na kuganda, umefunga bunduki yako kwa kufuli lisilo na ufunguo.

Kisha kitenganishi. Kiwi ya viatu isiyo na rangi inafanya kazi vizuri kama dawa yoyote ya dukani: paka, subiri ikauke, sugua ing'ae, rudia mara tatu. Paka kila chuma kitakachokaribia epoksi, pamoja na skrubu na sehemu ya chini ya mtutu. Mtu mwingine apite na tochi baada yako. Haya ndiyo makosa yasiyorekebishika kwenye kazi hii, na yote yanatokana na kusahau sehemu moja ya ukubwa wa ukucha.

Epoksi yenyewe iwe ile nzito yenye chembe za chuma, si ile ya maji maji ya kubandikia vyombo. Devcon Plastic Steel Putty inachanganywa sehemu 2.5 kwa 1 kwa ujazo. Nyingine zina uwiano wake, fuata kopo. Usiongeze kigumisho ukidhani itaganda imara zaidi, kwa sababu huwa inabaki na ulaini usioisha. Koroga taratibu ili usiingize hewa. Jaza kwanza chini kabisa mwa shimo la kigingi kwa kijiti chembamba, ukipanda juu. Ukirundika juu kwanza, hewa inanaswa chini na utakuta pango mahali panapobeba mzigo wote.

Ishushe risiva taratibu, na hapa nawaomba mnisikilize sana: usikaze skrubu za bunduki. Tumia vijiti vya skrubu visivyo na kichwa kama viongozi tu, kisha funga risiva na kitako kwa mikanda ya mpira, ile ya kukata kutoka tyubu ya baiskeli inatosha. Ukikaza skrubu wakati epoksi ni laini, risiva inapinda, epoksi inaganda kwa umbo la mpindo huo, na umejenga kwa gharama yako ugonjwa uleule uliotaka kuuponya. Matandiko mengi mabaya yanayoletwa mezani yameanzia hapo.

Epoksi itakayofurika ifute kwa pamba na siki kabla haijashika. Acha saa 24 kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25. Kuitoa, vuta mtutu juu kwa mstari, usiuchezeshe pembeni. Ikigoma, weka bunduki kwenye friza saa chache. Chuma na epoksi havisinyai sawa, na kwa kawaida inaachia kwa pigo moja la nyundo ya mpira. Kagua uso wa epoksi. Kitundu cha ukubwa wa punje ya choroko sakafuni si tatizo. Nyuma ya kigingi, hata kimoja kijazwe. Panua matundu ya skrubu kwa keekee ili zisiguse, ondoa ukingo uliokaa juu, kisha rudia kipimo cha geji. Kwa kitako chenye nguzo kaza nyutonimita 6 hadi 7. Kwa mbao isiyo na nguzo usivuke 5. Tumia spana ya kipimo kila mara na uiandike namba.

Kuna swali huwa linaulizwa: je, epoksi iende pia chini ya sentimita tatu nne za kwanza za mtutu? Wapo mafundi wazuri wanaofanya hivyo, hasa mtutu ukiwa mzito na risiva fupi. Mimi siungi mkono kwa bunduki ya mashindano. Pedi hiyo imechongwa kwa umbo la mtutu mmoja, na siku ukibadili mtutu, mwingine hautakaa juu yake sawasawa. Utakuwa na mtutu unaogusa mahali pamoja usipopajua. Acha mtutu uning'inie wote.

Tukija kwenye mtutu. Tandiko likiwa zima na matundu bado yanatawanyika, angalia mtutu kwa mpangilio. Anza mdomoni: pitisha pamba ya masikio kwenye taji, yaani ukingo wa mdomo, kutoka ndani kwenda nje. Ikinasa nyuzi, taji limechubuka, na kulikereza upya ni kazi ya saa moja. Safisha vizuri, ukiondoa shaba na lile pete gumu la kaboni linalojenga mbele ya chemba. Mitutu mingi iliyohukumiwa kufa ilikuwa chafu tu. Ndipo uingize kamera ya mtutu utazame koo, mahali mifuo inapoanzia. Mipasuko kama ngozi ya mamba ni kawaida kwa mtutu uliofanya kazi. Mipasuko hiyo ikianza kung'oka vipande na migongo ya mifuo kupoteza kingo, umri umefika.

Kipimo bora kuliko macho ni kurekodi, mtutu ukiwa mpya, urefu wa risasi pale kichwa chake kinapogusa mwanzo wa mifuo. Pima tena kila baada ya risasi 500. Koo linasonga mbele, na siku litakaposonga kwa kasi kuliko zamani utajua. Kwa .308, wengi hupata kati ya risasi 4,000 na 6,000 za ubora wa mashindano. Risasi zenye baruti nyingi kwa tundu dogo, kama 6.5-284, huweza kuchosha mtutu kwa 1,000 au zaidi kidogo. Kinachoua koo ni joto, kwa hiyo anayepiga harakaharaka mtutu ukiwa wa moto anautumia zaidi ya hesabu ya maganda. Mtutu mnene na mrefu unaweza pia kukatwa kama sentimita mbili na nusu upande wa chemba, ukakerezwa na kutengenezwa chemba upya.

Kazi ya mtutu na chemba ni ya fundi mwenye leseni na mashine ya kukereza. Kenya ina Sheria ya Silaha Sura ya 114, Tanzania ina sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Mtutu si kipuri cha kununua kama plagi ya gari. Uingereza, bunduki iliyobadilishwa mtutu haiuzwi bila kupita kwenye nyumba ya majaribio ya London au Birmingham na kupigwa mhuri. Lakini mwenye bunduki anapaswa kujua fundi anafanya nini, ili amuulize maswali yanayostahili.

Kufungua: mtutu unabanwa kwenye jiriwa maalumu karibu na risiva, kwa vipande vya mbao ngumu au aluminiamu vilivyopakwa unga wa rosini. Ufunguo wa risiva ushike pete ya mbele. Ukishika daraja la nyuma, unaisokota risiva nzima kama nguo inayokamuliwa, na hairudi. Mtutu wa kiwandani uliokwama hutibiwa kwa mafuta ya kupenya na subira. Ukigoma kabisa, na ikiwa hautatumika tena, fundi hukata mfereji mwembamba mbele ya bega lake kwenye mashine, mbano ukaachia.

Mtutu mpya ukerezwe ukiwa umepangwa kwa tundu lake la ndani, si kwa ngozi ya nje, kwa kuwa hivyo viwili mara chache vina kitovu kimoja. Muulize fundi kupishana ni kiasi gani; jibu liwe karibu na sehemu moja ya mia ya milimita. Bunduki ya Remington 700 ina meno ya skrubu ya mtutu 16 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 1.59. Nafasi ya kichwa, yaani umbali kutoka uso wa bolti hadi mstari wa kipimo begani mwa chemba, kwa .308 inapimwa kwa geji mbili: ya kuingia ya inchi 1.630 na ya kukataa ya 1.634. Tofauti yake ni sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na kuzungusha mtutu nyuzi 23 tu. Ndiyo maana hakuna kukadiria kwa hisia. Pini ya kupigia na kisukuma ganda vitolewe kwenye bolti kwanza, ili mkono uhisi chuma na si springi. Bolti ifunge kwa geji ya kwanza, ikatae ya pili. Nafasi ikizidi, ganda linavutika kila risasi. Utaona pete inayong'aa kama sentimita moja juu ya mwisho wake wa nyuma, na hapo ndipo litakapokatika na kuachia gesi kuelekea usoni.

Bunduki zenye nati ya mtutu, kama Savage, ni rahisi zaidi: mtutu unazungushwa mpaka uguse geji, kisha nati inakazwa. Hatari yake ni kwamba nati inapokazwa huvuta mtutu mbele kwa ule ulegevu wa meno. Pima tena baada ya kukaza. Meno yapakwe grisi ya kuzuia kukwama, na nyutonimita 70 hadi 135 zinatosha; kwa mtutu unaobadilishwa mara kwa mara baki karibu na 100.

Na sasa mada mbili zinakutana. Kwenye Remington 700 kigingi cha teke ni washa iliyobanwa kati ya mtutu na risiva. Mtutu ukitoka, kigingi kimetoka. Kikirudi kimezunguka nyuzi moja au mbili, hakiingii tena kwenye shimo lake la epoksi isipokuwa kwa kulazimishwa, na tandiko zuri linakuwa bovu siku hiyohiyo. Fundi atumie kishikio cha kukipanga au pini. Ukibadili kigingi cha kiwandani cha inchi 0.1875 kwa kinene cha 0.250, bega la mtutu lazima likerezwe kulingana nacho, na shimo la kigingi lichongwe na kujazwa upya. Mtutu mnene zaidi unataka mfereji mpana zaidi. Kwa hiyo siku mtutu mpya unapofungwa, geji ya saa irudi kwenye ubao wa mbele, na karatasi ipitishwe tena mshipi ukiwa umekazwa.

Baada ya risasi 20 au 30 za kwanza, kagua ganda, kagua mkazo wa skrubu za kitako, na usafishe shaba. Kisha jaza kadi ya bunduki: tarehe ya mtutu, msokoto wake, geji zilizotumika, nyutonimita za kila skrubu, usomaji wa sindano skrubu ilipolegezwa, urefu wa risasi unaogusa mifuo, na idadi ya risasi zilizopigwa hadi siku hiyo. Kadi ikae ndani ya sanduku la bunduki, si kwenye simu, ili fundi atakayeifungua baada ya miaka mitano aikute.

Ahsanteni. Wenye bunduki zao hapa, geji iko mezani, leteni tupime.